Begi Limefungwa, Shauri Halijakatwa

Mhadhara kwa wazazi watarajiwa na familia zao

  Wanangu mliokuja wawili wawili, mmoja akitembea polepole kwa kujishika kiuno na mwingine akimbebea mkoba, sogeeni huku. Viti vya mbele ni vyenu leo.

Nimefanya kazi ya ukunga miaka 31. Nimestaafu, lakini masikio hayajastaafu. Usiku mbwa akibweka naamka nikidhani kuna mama ameletwa. Nimeombwa nizungumze juu ya maandalizi ya kujifungua, na naona wengi mmeshika kalamu mkitarajia niwasomee orodha ya vitu vya kununua. Orodha hiyo mnayo. Mmepewa kliniki, imebandikwa ukutani, na shangazi zenu wameirudia kwenye simu. Mimi nitaanza na begi moja nililoliona mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika hospitali ya wilaya niliyokuwa nikifanya kazi.

Mwenye begi aliletwa alfajiri juu ya tela la trekta. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Begi lenyewe nalikumbuka mpaka leo: doti mbili za khanga, moja imefuliwa mara kadhaa ikalainika, kama tulivyokuwa tukiwafundisha, pamba, glavu, wembe mpya ndani ya karatasi yake, uzi wa kufungia kitovu, mpira wa kutandika kitandani, na kofia ya mtoto ya sufu ya rangi ya machungwa, imefumwa kwa mkono. Hakikukosekana kitu. Lakini mama mwenyewe alikuwa anatupwa na kifafa cha mimba. Kichwa kilikuwa kimemuuma siku mbili, macho yakaona ukungu, uso ukavimba. Mume alikuwa machimboni. Mama mkwe alitaka waondoke, baba mkwe akasema mwenye mke angojwe. Wakangoja. Mama tulimwokoa kwa neema ya Mungu na kwa sindano za magnesiamu. Mtoto hatukumpata. Kofia ile ilirudi nyumbani ndani ya begi lile lile, haijavaliwa.

Tangu siku hiyo nikimuuliza mjamzito kama yuko tayari, akanijibu kwamba begi liko nyuma ya mlango, humuuliza tena: na shauri je, limekatwa? Nani atasema tuondoke, kama mwenye nyumba hayupo? Mtakwenda kituo gani, na chombo cha nani? Fedha ziko mfukoni mwa nani? Nani atakaa naye mpaka mtoto alie? Wengi hunitazama wakanyamaza. Kimya hicho ndicho kilichonileta hapa.

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walichapisha makala ambayo sisi wakunga tumefundishwa kwayo kizazi baada ya kizazi. Walisema kwamba mama anayekufa kwa uzazi mara nyingi ameuawa na kuchelewa, na kuchelewa huko kuna aina tatu: kuchelewa kukata shauri nyumbani, kuchelewa kufika kwenye huduma, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Kuchelewa kwa tatu ni mzigo wetu sisi watumishi na wa serikali, wala sitaki mzazi yeyote aubebe. Lakini tazameni mpangilio wake. Kabla ya barabara mbovu, na kabla ya daktari aliyekosekana, kuna watu wamekaa uani wanatazamana.

Nchi yetu imepiga hatua, na ni haki niseme hivyo kwa sababu nilikuwamo ndani ya wodi hizo. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria Tanzania wa mwaka 2022 ulikuta vifo 104 vya akina mama katika kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa 2015/16 ulikuwa umekuta 556. Wanaojifungulia katika vituo vya afya walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Ni kazi ya watu wengi, na wengi wao hawatatajwa popote. Hata hivyo Tanzania huzaliwa watoto zaidi ya milioni mbili kila mwaka. Pigeni hesabu hiyo ya 104 na mtaona kwamba bado tunazika zaidi ya akina mama elfu mbili kwa mwaka. Kila mmoja wao alikuwa na begi, au alikuwa akilitafutia fedha.

Kwa nini basi hatukati shauri mapema? Nimelifikiria sana jambo hili, na jibu langu ni neno moja la kwetu: uchuro. Kununua nguo za mtoto kabla hajazaliwa ni uchuro. Kutaja damu ni uchuro. Mke kumuuliza mumewe, "Nikizidiwa nani aamue?" ni kama kuyaita mauti yaje mlangoni. Wazee walisema mjamzito ana mguu mmoja duniani na mwingine kaburini, na kwa kuwa walilijua hilo, walifunga midomo. Siwalaumu. Wakati wao kusema kusingeleta gari wala chupa ya damu. Kunyamaza angalau kulimpunguzia mama hofu. Leo kusema kunaleta gari.

Tena wazee wale hawakukaa bure. Binti mwenye mimba ya kwanza alirudishwa kwao mwezi wa saba au wa nane ili ajifungulie mikononi mwa mama yake. Huku Pwani alikuwa na somo wake, mtu mzima aliyemfunda tangu uanawali, aliyejua kumkanda mgongo na kumwambia neno sahihi wakati sahihi. Hakuzaa peke yake. Ule ulikuwa mpango wa kujifungua, ingawa haukuandikwa mahali. Desturi ya kurudi kwao ningependa idumu, lakini kwa masharti mawili: binti asafiri mapema, njia ikiwa bado haimwelemei, na aondoke na kadi yake ya kliniki. Akifika kwao, kabla hajatua mzigo vizuri, aende akajulikane katika kituo cha huko. Nimewapokea mabinti waliokuja usiku bila kadi, hatujui kundi la damu, hatujui kama presha imekuwa ikipanda, hatujui lolote. Mkunga asiye na kadi ya mama anapapasa gizani. Na mkunga wa jadi, ambaye wengine humdharau, mimi simdharau. Leo kazi yake ni kumshika mama mkono na kumleta kituoni, na wengi wanaifanya kwa moyo.

Sasa tuyakate mashauri yenyewe.

La kwanza ni mahali. Nendeni kliniki mapema, kabla ya wiki ya 12, na mwende wote wawili; haikuitwa Kliniki ya Baba, Mama na Mtoto kwa bahati mbaya. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani limependekeza mama aonwe angalau mara 8 wakati wa ujauzito, si mara 4 kama zamani. Katika mahudhurio hayo ndipo tunapopima presha, wingi wa damu, mkojo, VVU, kaswende na kundi la damu, na ndipo tunapowaambia kama zahanati ya kijijini inatosha. Kuna mama ambaye zahanati haimtoshi hata kama iko hatua kumi kutoka kwake: aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa uzazi, mwenye mapacha, mwenye mtoto aliyetanguliza makalio, mwenye presha, aliyewahi kumwaga damu nyingi alipojifungua. Huyo ajipange kujifungulia penye chumba cha upasuaji. Kama hospitali iko mbali, aulizie nyumba ya wazazi ngojea, aende akakae karibu wiki mbili au tatu kabla. Na ile tarehe mliyoandikiwa, siku 280 tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ni makadirio. Ni watoto wachache tu wanaozaliwa siku yenyewe. Kila kitu kiwe kimekamilika wiki ya 36, maana kuanzia wiki ya 37 mgeni anaweza kubisha hodi siku yoyote.

Shauri la pili ni kubwa kuliko yote, na nataka baba watarajiwa wanitazame usoni. Baba, kabla mimba haijatimiza miezi saba, kaa na mkeo mbele ya wazazi wako, au mbele ya jirani mnayemwamini kama wazazi wako mbali, useme maneno haya kwa sauti: "Nikiwa sipo, mke wangu akisema twende, mwende." Usiseme "mtanipigia simu." Simu inakata, chaji inaisha, mtandao unapotea. Sema "mwende." Maneno hayo yangetamkwa katika nyumba ya yule binti wa kofia, baba mkwe asingekuwa na kitu cha kungojea. Mzee yule hakuwa mtu mbaya. Aliheshimu haki ya mwanawe, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba mwanawe ameshaikabidhi. Na wewe mama, ujue kwamba mtu mzima mwenye akili zake hutia sahihi yake mwenyewe ya upasuaji. Nimeona karatasi ya ridhaa ikizungushwa kutafuta mume huku mapigo ya moyo wa mtoto yakishuka.

Na ili mtu aseme "twende," lazima ajue kinachomwondoa. Damu kutoka ukeni wakati wowote wa ujauzito, hata kama haiumi. Kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au nyota. Degedege. Uso na mikono kuvimba ghafla. Homa kali. Chupa kupasuka kabla ya uchungu, hasa maji yakiwa ya kijani. Mtoto kupunguza kucheza au kunyamaza. Kwa yoyote kati ya hayo haipikwi chai wala hangojwi mtu.

La tatu ni chombo. Wengi mmeshausikia mfumo wa m-mama, ulioanza kusambazwa nchi nzima mwaka 2022. Nambari ni 115, haina malipo; anayepokea huulizia hali ya mama, kisha hutafuta gari la wagonjwa, au likikosekana, dereva wa jamii aliyesajiliwa, naye hulipwa na mfumo. Iandikeni leo. Hata hivyo msiiache iwe ndiyo kamba yenu pekee. Kila nyumba iwe na majina ya madereva wawili, kwa sababu wa kwanza huenda amesafiri. Semeni nao mapema, muwafahamishe mwezi wenyewe. Kama masika huwakuta mbele ya mto, ulizeni sasa hivi njia ya kuzunguka iko wapi. Boda boda humfikisha mama mwenye uchungu wa kawaida, na wengi wamefika hivyo. Lakini mama mwenye degedege au anayemwaga damu hakai kwenye boda boda. Huyo anahitaji kulazwa ubavu, na mtu wa kumshika.

Fedha nitazisemea kwa kifupi. Kwa sera, huduma za ujauzito na kujifungua katika vituo vya serikali hazilipiwi, lakini mnajua nami najua kwamba mama huambiwa aje na glavu, na kwamba dereva hajazi mafuta kwa sera. Wekeni kibubu tangu mwezi wa nne, au fungu lenu katika VICOBA, na mama ajue kibubu kilipo na awe na ruhusa ya kukivunja. Kisha damu: watafuteni watu wawili wazima wenye afya walio tayari kuchangia, mkiwaambia wazi kwa nini. Wanaume wengi huogopa sindano ile. Anayeogopa mkumbusheni kwa upole kwamba chupa anayoitoa yeye hurudi mwilini mwake kwa chakula na maji; ya mama aliyejifungua huenda ikaisha kabla hatujamfikia.

Na begi lifungeni, bila shaka. Khanga safi nne au tano, vitu mlivyoandikiwa, nguo za mtoto, sabuni, beseni, kadi ya kliniki na ya bima kama ipo. Limekwisha.

Sasa tuje kwenye uchungu wenyewe, maana hofu kubwa iko hapo, na hofu hulishwa na kutojua. Uchungu wa kweli una mwendo wa maji kujaa: wimbi linakuja, linarudi, na lijalo linafika mbali kuliko lililopita. Huanza mgongoni au chini ya kitovu, tumbo likawa gumu kama ubao, kisha likalegea. Ukitembea au ukioga maji ya uvuguvugu hauondoki. Wa uongo hupoa. Mara nyingi ule wa kweli hutanguliwa na ute mzito wenye damu kidogo. Kwa mimba ya kwanza, mlango wa kizazi huweza kuchukua saa nyingi kulainika na kuanza kufunguka. Mama atachoka akidhani ameshafika mbali, na mkunga akimpima atamwambia sentimita mbili. Msikate tamaa, na msimkasirikie mkunga. Katika muda huo mama anakunywa uji, anatembea, anajilaza kwa ubavu, anazungumza. Aliye karibu na kituo anaweza kungoja nyumbani mpaka uchungu uje kila baada ya dakika tano kwa muda wa saa nzima. Aliye mbali asihesabu dakika. Aondoke.

Kuanzia sentimita 5 mwendo hubadilika. Hapo ndipo mkunga anapoanza kuijaza ile karatasi ya mistari mnayoiona kwenye ubao wake. Inaitwa patografu, na ni vema mjue kwamba ilizaliwa hapa hapa Afrika: Philpott na Castle waliichapisha mwaka 1972 kutokana na kazi yao Harare, mji ambao wakati huo uliitwa Salisbury, ili mkunga aliye peke yake katika kliniki ya mbali ajue saa ya kumsafirisha mama imefika. Zamani tulifundishwa kwamba mama lazima afunguke sentimita moja kila saa. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya 2018 imetusahihisha: wengine huenda polepole na wakajifungua salama. Kwa mzazi wa kwanza, kutoka sentimita 5 hadi 10 kwa kawaida hakupiti saa 12. Kwa aliyewahi kuzaa, saa 10. Kisha ndipo kusukuma. Mama asisukume kabla hajaambiwa njia imekamilika, na asilazimishwe kulala chali kama si lazima. Kuchuchumaa, kupiga magoti, kulala ubavu, yote ni mikao ya kuzalia, na bibi zetu waliijua.

Uchungu ukikawia, kuna mambo mawili ambayo nawasihi yasisikike katika nyumba zenu. La kwanza ni dawa za kuongeza uchungu, yale maji ya mizizi yanayopenyezwa hata wodini ndani ya chupa ya chai. Hakuna ajuaye kipimo chake, na kizazi kikibanwa kupita kiasi hupasuka. La pili linauma zaidi. Katika makabila kadhaa mama ambaye uchungu wake umekwama huambiwa aungame, ataje mwanamume aliyetembea naye nje ya ndoa, ndipo njia ifunguke. Nimeshuhudia mwenyewe binti anayetetemeka akizungukwa na wakwe wanaotaka jina. Mtoto wake alikuwa amekaa uso juu, kisogo kikielekea mgongoni kwa mama. Hilo ndilo lilikuwa "jina." Uchungu hukwama kwa sababu kichwa ni kikubwa kuliko nyonga, au mtoto amekaa vibaya, au mikazo ya kizazi ni hafifu. Dawa yake ni hospitali. Na mama akipasuliwa, mtu asithubutu kumwambia alikuwa mvivu wa kusukuma. Amepita penye kisu ili mtoto apite salama.

Nani awe naye? Hili nalisema kwa uzito wote. Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti uliofanyika Gaborone, Botswana, kwa wazazi wa kwanza 109. Baadhi walikaa leba na ndugu yao wa kike, wengine walikaa peke yao kama ilivyokuwa kawaida ya hospitali. Waliokuwa na ndugu, asilimia 91 walijifungua kwa njia ya kawaida. Waliokuwa peke yao, asilimia 71. Ndugu yule hakuwa nesi. Alikuwepo tu: akamfuta jasho, akamsugua mgongo, akampa maji, akamwambia "pumua, linapita." Hapa Tanzania, mkoani Kigoma, kati ya 2016 na 2018, utaratibu wa mama kuwa na msindikizaji wa kumchagua mwenyewe ulijaribiwa katika vituo vya serikali na ukawezekana. Kwa hiyo nikisikia kituo kinasema hakuna nafasi, naomba waweke pazia. Pazia ni khanga mbili na kamba. Akina mama wengine watataka mama yao, wengine dada, wengine mume. Aulizwe mwenye uchungu. Mume akichaguliwa, aje ameshafundishwa, asije kushangaa; akae upande wa kichwani, amshike mkono, asitoe amri.

Nina jambo la kukiri hapa. Miaka yangu ya mwanzo nilimfokea mama mmoja. Tulikuwa wakunga wawili, akina mama kumi na moja, usiku wa pili bila kulala, naye alikuwa anabana miguu. Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia mbele yenu. Alijifungua mtoto mzima, akanishukuru, akaondoka. Miaka mitatu baadaye nilisikia amejifungulia nyumbani mimba ya pili kwa kuogopa kurudi kwetu. Alipona, na mtoto alipona, lakini ningeweza kuwa nimemuua kwa ulimi. Wakunga vijana mlioketi nyuma, uchovu wenu naujua. Hata hivyo mama anayetukanwa leo, kesho hachelewi kukata shauri. Anakata shauri la kutokuja.

Mtoto akishatoka, watu hupiga vigelegele, simu zinapigwa, na macho yote humwendea mtoto. Hiyo ndiyo saa ninayoihofia kuliko zote. Damu nyingi baada ya kujifungua ndiyo inayoongoza kuua wazazi, nayo haina kelele. Mama atapewa sindano ya oksitosini ndani ya dakika moja baada ya mtoto kuzaliwa ili kizazi kikaze. Muulize mkunga kwa heshima kama ameshachomwa. Kisha msindikizaji asiwe mtu wa kupiga picha. Atazame khanga aliyolalia mama. Ikilowa, ibadilishwe, na ikilowa tena haraka, aite mkunga, aite kwa sauti. Mama akisema anasikia kiu kali, baridi au kizunguzungu, aite. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ukihusisha wazazi zaidi ya 200,000. Wakunga walipoikinga damu katika plastiki yenye mistari ya kipimo badala ya kuikadiria kwa macho, na wakatoa tiba zote kwa pamoja mara moja badala ya moja moja, madhara makubwa ya kutokwa damu yalipungua kwa asilimia 60. Mimi niliyekadiria kwa macho miaka yote ile, nilipoyasoma matokeo hayo niliweka karatasi chini nikalia kidogo. Waulizeni wenye hospitali zenu kama plastiki hizo zipo.

Mtoto naye akaushwe, alazwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, kitovu kisikatwe kwa pupa. Dakika moja hadi tatu za kungoja zinampa damu yake. Asipolia, mkunga ana dakika moja ya kumsaidia kupumua, na katika dakika hiyo msimsumbue. Anyonye ndani ya saa moja, maziwa yale ya kwanza ya njano yasikamuliwe na kumwagwa. Asiogeshwe siku ya kwanza. Kitovu kisipakwe majivu, samli wala mavi ya ng'ombe. Mama akae kituoni angalau saa 24 hata kama anajisikia mzima, na arudi kuonwa siku ya tatu na wiki ya pili, msingoje arobaini.

Nimesema mengi na mama wajawazito wamekaa muda mrefu, kwa hiyo nawaachia. Ila nina ombi moja kwa kila nyumba iliyowakilishwa hapa. Usiku wa leo, kabla hamjalala, chukueni kadi ya kliniki. Nyuma yake andikeni kwa kalamu ya wino majina ya madereva wawili na simu zao, nambari 115, jina la atakayekaa na mama, na majina ya watakaotoa damu. Kisha baba aandike kwa mkono wake: "Mke wangu akisema twende, mwende." Atie sahihi. Hifadhini kadi hiyo ndani ya begi, juu kabisa, juu ya kofia ya mtoto.